Diski Mbili Mezani: Kuipa Kompyuta Mpya Mfumo na Wakalimani Wake

Jumamosi moja asubuhi nilipigiwa hodi na jirani yangu, mama wa Bukavu anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwangu. "Jambo, Mwalimu," alisema, "ile ordinatere ya mtoto inakatala." Ordinatere ni kompyuta, ndugu zetu wa Kongo wamelipata neno hilo kwa Kifaransa, kama sisi wa Tanzania tulivyolipata letu kwa Kiingereza, na Wakenya wakatuzidi wote kwa kujiundia tarakilishi. Nilichukua miwani, flashi mbili na bisibisi, nikamfuata.

Mwanawe, kijana wa miaka 19, alikuwa ameiunda mashine hiyo kwa mikono yake, akinunua kipande kimoja kimoja kwa muda wa miezi minane. Kazi ilikuwa safi, nyaya zimefungwa vizuri kuliko katika mashine nyingi za madukani. Alibonyeza kitufe, feni zikazunguka, na kioo kikatoa maandishi meupe kwamba hakuna diski ya kuanzia. Mama yake aliamini kwamba fedha za miezi minane zimepotea. La hasha! Mashine ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa tu kama shule yenye majengo, madawati na wanafunzi, lakini haina mwalimu mkuu wala ratiba. Mwalimu mkuu huyo ndiye aitwaye mfumo endeshi.

Hali kadhalika, wasomaji wengi huniuliza viendeshi ni nini. Wengine husikia Waafrika Kusini wakisema draiva, wakadhani ni dereva wa lori. Mimi hupenda kuwaita wakalimani. Kila aliyewahi kusimama mbele ya afisa wa uhamiaji akiwa na shida ya kweli na lugha isiyotosha, anaelewa. Kadi ya mtandao inayo lugha yake, kadi ya picha inayo yake, sauti nayo kadhalika; mfumo hauzijui lugha zote. Kiendeshi ni programu ndogo inayosimama katikati na kutafsiri. Pasipo mkalimani, kifaa hukaa kimya ingawa ni kizima, na mwenye nacho hudhani ameuziwa kibovu.

Swali la kwanza lilikuwa: mfumo upi? Nakiri kwamba nina upendeleo. Ubuntu hutolewa bure, nayo ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Welkom katika nchi hii hii, yule aliyekwenda angani mwaka 2002. Jina lake ni neno la Kizulu na Kixhosa ambalo sisi twalitamka utu. Mwaka huo huo wa 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maagizo ya Kiswahili, na mimi niliitumia kwa fahari iliyopita kiasi. Microsoft nayo baadaye ilitoa tafsiri ya Kiswahili kwa ajili ya Windows. Lakini kijana anasomea uchoraji wa ramani za majengo, na AutoCAD anayofundishiwa chuoni haina toleo la Ubuntu. Nilishindwa katika hoja hiyo, nikakubali Windows 11. Nilichokataa ni ile nakala ya bei rahisi iliyoandikwa kwa kalamu juu ya kisahani, ambayo alikuwa ameuziwa barabarani. Hakuna ajuaye kilichofichwa ndani ya nakala ya namna hiyo.

Faili la kusakinishia hupakuliwa kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Lina zaidi ya GB 5, kwa hiyo usilipakue kwa vocha ya simu. Nenda mahali penye intaneti ya bure. Flashi inayotakiwa ni ya GB 8 au zaidi, na kila kilichokuwamo kitafutwa. Halafu mashine huwashwa flashi ikiwa imechomekwa, na kijiprogramu cha bodi kuu huelekezwa kuanza na flashi. Hapo hapana ugumu.

Ugumu, na hofu yangu, vilikuja katika ukurasa wa diski. Kioo kilionyesha diski mbili, Diski 0 na Diski 1, na ukubwa wao ulikuwa karibu sawa. "Moja ni mpya," alisema kijana, "nyingine ni ya baba, nilitoa kwa kompyuta yake ya zamani." Marehemu baba yake alikuwa ameweka humo picha za vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote watano, cheti cha ndoa, kadi za chanjo na picha za ndugu waliobaki Bukavu. Karatasi zenyewe ziliachwa huko. Na maelekezo aliyokuwa akiyafuata yalisema: futa sehemu zote zinazoonekana, kisha endelea. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kipanya.

Nilimshika mkono. Maelekezo yale si ya uongo. Yameandikwa kwa ajili ya mtu mwenye diski moja tupu. Mwaka 2009 mimi mwenyewe, nikiwa na haraka na kiburi cha mtu aliyesoma, nilichagua diski isiyo yake na kufuta kumbukumbu nilizokuwa nimeandika kwa miaka sita juu ya wanafunzi wangu. Hazikurudi. Mtaa wetu umepewa jina la kile kituo cha kutazamia nyota kilichopo kilimani, ambako mwaka 1915 Robert Innes aliigundua Proxima Centauri, nyota iliyo karibu kuliko zote na Jua letu, kwa kulinganisha picha mbili za anga zilizopigwa kwa miaka tofauti. Yeye alikuwa na jicho lake. Sisi wengine tusitegemee jicho, tutegemee bisibisi. Tulizima mashine, tukachomoa waya wa umeme ukutani, tukaitoa diski ya baba na kuiweka mezani juu ya kitambaa. Tulipowasha tena, ilionekana diski moja tu. Hapo hata mtoto mdogo asingeweza kukosea.

Usakinishaji ukaendelea vyema hadi mfumo ulipodai intaneti, na intaneti haikuwapo. Bodi ilikuwa mpya kuliko wakalimani waliomo ndani ya flashi, hivyo kadi ya mtandao haikutambuliwa. Huu ni mzunguko wa kuudhi: unahitaji intaneti ili upate kiendeshi, na unahitaji kiendeshi ili upate intaneti. Njia iliyotuokoa ni simu. Tuliiunganisha kwa waya wake wa kuchajia, tukaiamuru igawe intaneti kwa waya huo, na Windows ikaitambua mara moja. Njia bora zaidi ni kujiandaa mapema: soma jina kamili la bodi, ambalo huchapwa juu yake, ingia katika tovuti ya mtengenezaji wake kwa kompyuta nyingine, na uweke kiendeshi cha mtandao katika flashi ya pili kabla hujaanza.

Vilivyosalia tulivifanya polepole: kwanza viendeshi vya bodi yenyewe, kisha kadi ya picha, ambayo bila kiendeshi chake huonyesha maandishi makubwa yenye ukungu, na mwisho sauti. Vingi Windows ilivileta yenyewe. Alama ya njano katika orodha ya vifaa humaanisha kwamba bado kuna asiye na mkalimani. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia viendeshi vyote kwa mbofyo mmoja, tafadhali ziacheni. Wanaopenda Ubuntu watafurahi kujua kwamba viendeshi vingi huja pamoja nayo, ingawa kadi za NVIDIA huhitaji hatua moja ya ziada.

Saa kumi jioni tulizima, tukairudisha diski ya baba mahali pake na kuwasha. Kabla ya lolote jingine nilimwambia kijana anakili kila kitu katika flashi yangu ya pili, nayo ikakaa katika sanduku la mama yake. Mama alivuta kiti akaomba kuona picha za harusi. Alizitazama moja moja, akaniuliza kama zinaweza kutolewa katika karatasi. Nilimwambia zinaweza.

Flashi yenye Ubuntu ninayo nyumbani, na atakaye aje na yake tupu ya GB 8 nimnakilie. Jumamosi asubuhi nipo, umeme ukiwapo.