Tezi ya panya na wanafunzi wanaosinzia

SAA kumi alfajiri kengele hulia katika shule nyingi za bweni hapa Uganda. Wanafunzi huamka gizani, huwasha taa na kuanza kudurusu, ilhali saa nne usiku walikuwa bado vitabuni. Mimi ni mwalimu wa biolojia mjini Kampala. Kwa miaka mingi kila aliyesinzia darasani nilimsimamisha. Siku hizi nasita, na aliyenibadili ni panya.

Ndani ya kichwa cha panya, chini tu ya fuvu, mna tezi ndogo iitwayo pinea. Binadamu pia anayo, ndogo kama punje ya mchele. Mwaka 1958 Aaron Lerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliipata katika tezi za ng'ombe homoni waliyoiita melatonini. Hutengenezwa usiku, mwanga huizuia.

Ukitazama seli ya tezi hiyo kwa hadubini ya elektroni utaona kiini, mitokondria nyingi, na tepe nyembamba zilizozungukwa na vifuko vidogo sana. Tepe kama hizo zimo pia katika seli za jicho zinazopokea mwanga. Kumbe hizi ni seli za ukoo mmoja! Pinea ya samaki na ya chura huhisi mwanga yenyewe. Ya panya imepoteza uwezo huo: hungoja habari itoke machoni, ipite ubongoni, ishuke uti wa mgongo, kisha ipande tena kwa neva za shingoni. Na katika panya wa maabara, tepe hizo huongezeka usiku na kupungua mchana.

Panya wa maabara hutembea usiku. Panya wa nyasi, Arvicanthis, aliye katika mbuga zetu, hutembea mchana. Hata hivyo melatonini ya wote wawili hupanda usiku. Basi tezi haisemi "lala". Husema "ni usiku". Mwili wa binadamu ukisikia hivyo, hujiandaa kulala.

Nilisoma uhamishoni Stockholm, wazazi wangu walikokimbilia miaka ya 1980. Huko mchana wa Desemba ni saa sita hivi, na wa Juni hupita saa 18. Wanyama wengi wa nchi za baridi hujua majira ya kuzaa kwa urefu wa usiku. Hapa ikweta usiku hubadilika kwa dakika chache tu mwaka mzima, na panya wetu wa nyasi huzaa kwa kufuata mvua. Tumejaliwa usiku wa saa 12. Wanaoukata ni sisi, kwa swichi.

Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake walionyesha kwamba taa kali usiku huishusha melatonini ya binadamu. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Toka saa nne hadi saa kumi ni saa sita.

Nilipoyasema hayo katika kikao cha wazazi, baba mmoja aliuliza: "Mwalimu, unataka watoto wetu wafeli?"

"La, mzee," nikamjibu. "Nataka waje darasani wakiwa macho."

Kengele bado inalia saa kumi. Lakini anayesinzia kwangu, simsimamishi tena.