Kutoka Kange hadi Roskilde

Muziki wa Tanga ulifika Ulaya zamani. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, waliopigia Jamhuri Jazz Band mjini Tanga miaka ya 1960, walivuka mpaka kuingia Kenya mwaka 1971, wakaunda Simba Wanyika, na baadaye wakafanya ziara Uholanzi. Mwaka 1989 lebo ya GlobeStyle ya London ilitoa santuri ya Black Star na Lucky Star, vikundi vya Tanga vilivyoipa taarab gitaa na besi na kuichangamsha.

Safari ya shabiki ndiyo iliyobaki ngumu. Mpenzi wa muziki wa Ngamiani, Tanga, anayetaka kusimama mbele ya jukwaa la kiangazi Ulaya, si kuimba bali kusikiliza tu, anahitaji karibu mwaka mzima wa maandalizi. Hamu anayo na fedha pengine anazo. Kinachomshinda mara nyingi ni mpangilio wa tarehe.

Tuchukue Roskilde, Denmark. Tamasha hilo lilianza mwaka 1971, hudumu siku nane mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, hukusanya watu wapatao 130,000, na faida yake yote hutolewa kwa kazi za kijamii. Wakati huo pwani ya Tanga iko kwenye kipupwe na kusi linavuma. Viza ya Schengen, inayohitajika huko, huweza kuombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Anayelenga Julai, basi, afungue faili lake Januari, pasipoti ikiwa tayari mkononi.

Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2018, hulipiwa shilingi 150,000, na ombi lake huanzia mtandaoni. Inatakiwa iwe na angalau miezi 3 ya uhai baada ya siku ya kuondoka Ulaya, pamoja na kurasa mbili tupu. Ada ya viza ni yuro 90 tangu Juni 2024, zaidi ya shilingi laki mbili, na hairudi hata ombi likikataliwa. Bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Picha iwe ya milimita 35 kwa 45, nyuma pawe peupe au pa rangi hafifu. Fundi wa studio aambiwe mapema, la sivyo atatundika kile kitambaa chake cha bluu.

Halafu kuna alama za vidole. Hizo mtu hazitoi kwa barua: anapanda basi stendi ya Kange mjini Tanga, anapita Segera na Chalinze, kilomita 350 hivi hadi Dar es Salaam, kwa miadi ya dakika chache. Nafuu ni kwamba zikishachukuliwa hutumika kwa miezi 59, hivyo ombi la pili halina usumbufu huo.

Mlima wenyewe ni ushahidi wa kipato. Mfanyakazi wa bandari ana barua ya likizo na hati za mshahara. Mfanyabiashara wa machungwa wa Muheza pengine anamzidi fedha, lakini zake hupita kwenye simu na mfukoni, na msimu ukiisha zimesharudi shambani. Ofisa wa viza haioni michungwa, anasoma taarifa ya benki. Kwa mtu wa aina hii dawa ni kuanza mapema kupitisha mauzo benki, miezi mingi kabla ya kuomba, kisha kuambatanisha leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, hati ya kiwanja, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kutumbukiza milioni kadhaa kwa mkupuo wiki moja kabla ya kuomba huzaa maswali. Ni utaratibu unaomwonea mtu wa shamba na wa baharini, na hilo linafaa kusemwa wazi. Hata wanamuziki haujawaacha: mwaka 2018 waandaaji wa tamasha la WOMAD, Uingereza, walilalamika hadharani kwamba wasanii waliowaalika walikwama kwa viza.

Uingereza ina mtego wake. Tiketi za tamasha la Glastonbury la Juni kwa kawaida huuzwa Novemba, huisha chini ya saa moja, zina picha ya mnunuzi na haziwezi kuuzwa kwa mtu mwingine. Viza ya matembezi, kwa upande wake, haiombwi zaidi ya miezi 3 kabla ya safari. Mtu hununua tiketi bila kujua kama ataingia nchini. Tena mwaka 2026 ni wa kulipumzisha shamba linalofanyiwa tamasha hilo, kwa hiyo halifanyiki. Kwa anayeanza, Schengen ina hesabu iliyo wazi zaidi.

Tiketi ya ndege isilipiwe yote kabla ya viza. Uthibitisho wa nafasi iliyoshikiliwa hutosha kwa ombi. Wengi hukimbilia Dar es Salaam bila kufikiri, ilhali Mombasa iko nusu ya umbali huo: kilomita 65 za lami hadi Horohoro, mihuri miwili, kisha Lunga Lunga na Ukunda. Barabara ya Dongo Kundu sasa inamwepusha msafiri foleni ya kivuko cha Likoni. Nauli za viwanja vya ndege vyote viwili zilinganishwe.

Kule Roskilde watu hulala kwenye mahema, na usiku wa Julai una baridi ya kumtaka mtu wa pwani avae sweta mbili. Jua huzama karibu saa 4 usiku na kuchomoza kama saa 10:30 alfajiri. Mwislamu anayesali apange mapema, kwa kuwa Isha na Alfajiri zinakaribiana mno, na wanazuoni wameshatoa njia za kukadiria nyakati katika nchi za namna hiyo. Wapo pia wanaovutiwa na kujitolea kazi tamashani ili wapate tiketi. Hao waulize ubalozi kwanza, maana viza ya matembezi si ruhusa ya kufanya kazi.

Asiyekuwa na muhuri hata mmoja kwenye pasipoti angeanzia karibu na nyumbani, Jinja, Uganda. Tamasha la Nyege Nyege limekuwa likifanyika huko kandokando ya Mto Nile tangu 2015, na lebo yake ya Kampala ndiyo iliyotoa mkusanyiko wa singeli wa Sounds of Sisso mwaka 2017. Mtanzania haombi viza, na basi linalotoka Nairobi kwenda Kampala hupita Jinja kwanza. Abebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwani itaulizwa wakati wa kwenda na wa kurudi. Tangu 2023 tamasha limehamia Novemba kutoka Septemba, kwa hiyo tarehe zihakikishwe kabla ya kukata tiketi ya basi.