Wakala wa mfukoni na wakala wa ofisi: daftari la kikundi likae kwa nani?

SISI tuliosoma Tanzania tulirudi Burundi na Kiswahili safi, Kiingereza cha kuombea maji na Kifaransa hatuna kabisa. Waliorejea mwaka 2008 na 2009 kutoka makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu wanajua ninachosema. Barua ya komini ni Kifaransa, karatasi ya benki ni Kifaransa. Mimi nilijifunza lugha hiyo nikiwa tayari nimeshika chaki, na kwa kuwa niliipata mapema kuliko majirani, nikageuka msomaji wa barua wa mtaa mzima. Nimesoma kesi za mashamba, madeni, hata talaka, mambo ambayo mwalimu wa hesabu hakupaswa kuyajua.

Siku hizi hawaji tena. Mtu anaipiga picha barua yake kwa simu janja, anaiingiza kwenye programu ya akili mnemba, na kabla chai haijapoa ameshasomewa kwa Kiswahili. Sina kinyongo, nimepumzika. Mambo yamekuwa mazito pale programu hizo zilipoacha kujibu tu na kuanza kutenda.

Hiyo inayotenda ndiyo inayoitwa wakala, na mfanyabiashara wa mpakani hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Wakala wa forodha unampa karatasi zako, naye anaandika, anasaini na kugongesha mhuri kwa niaba yako. Akikosea uzito wa mzigo, anayesumbuliwa ni wewe. Wakala wa akili mnemba hufanya vivyo hivyo ndani ya simu au kompyuta: hufungua barua pepe, hujaza fomu, hujibu wateja, hupanga oda. Wapo wa mtu binafsi na wapo wa kampuni au taasisi. Wengi wakiuliza tofauti yao hutajiwa bei, na hapo ndipo mazungumzo yanapopotea njia.

Kipo kikundi cha akina mama hapa Rumonge wanaouza mawese na kuleta chumvi na mchele kutoka upande wa Kigoma. Katibu wao, binti mwerevu, aliweka kila kitu kwenye msaidizi wa akili mnemba wa simu yake: majina ya wateja, nani anadaiwa, bei za kila wiki, barua walizoandikia forodha. Kazi ilikwenda vizuri sana. Msaidizi alikuwa akimkumbusha madeni, akimwandikia Kifaransa cha heshima, na akimwambia mapema kwamba mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 unaweza kupita ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa cheti kilichorahisishwa cha uasili wa bidhaa. Kisha binti akaolewa, akahamia Uvira, akabadilisha laini ya simu. Akaunti ilikuwa imefungwa kwa namba ile ya zamani na ikashindikana kufunguliwa.

Hakuna aliyeiba. Lakini akina mama wale walikaa wiki mbili wakiwazungukia wadaiwa kuwauliza kila mmoja anadaiwa kiasi gani. Msomaji atakisia majibu waliyoyapata.

Ndipo mwenyekiti aliponijia. “Mwalimu,” akasema, “tununue ile ya makampuni, au kila mtu aendelee na ya kwake?”

Nilimwambia, “Mama, tuanze na ya kwake.” Wakala wa binafsi ana sifa zake. Ni rahisi au ni wa bure, anakuzoea, na huna wa kumwomba ruhusa. Maarufu kuliko wote mwanzoni mwa mwaka 2026 alikuwa OpenClaw, aliyetengenezwa na Peter Steinberger, raia wa Austria. Ndani ya siku chache za Januari mwaka huo programu hiyo ilibadilishwa jina mara mbili, kutoka Clawdbot kuwa Moltbot, kisha OpenClaw. Unaiweka kwenye kompyuta yako mwenyewe na kuiagiza kazi kwa WhatsApp au Telegram kama unavyomtuma kijana wa dukani. Programu yenyewe hailipiwi, ila akili inayoiendesha kwa kawaida unailipia, na kompyuta sharti iwe inawaka. Kwa umeme wetu, hilo peke yake linatosha kumfanya mtu afikiri mara mbili.

Zaidi ya umeme kuna ufunguo. Wakala wa namna hiyo huona unachokiona na anaweza kufuta unachoweza kufuta. Mwezi Februari 2026 wachunguzi wa usalama waligundua kwamba katika soko la nyongeza za OpenClaw, yaani ujuzi wa ziada ambao watu huutengeneza na kuwagawia wengine, kulikuwa na mamia ya nyongeza zilizotegwa ili kuiba taarifa. Mtu anayejua kompyuta vizuri anaweza kujilinda. Muuza mawese anayeazima kompyuta ya mpwa wake, sidhani.

Jingine ni uwanja. Wengi hapa walikuwa wakizungumza na ChatGPT kwa njia ya WhatsApp kwa sababu kifurushi cha WhatsApp ndicho wanachonunua. Mwezi Oktoba 2025 Meta, wenye WhatsApp, walitangaza masharti mapya ya kuwaondoa wasaidizi wa aina hiyo kwenye huduma yao ya kibiashara, na ChatGPT ikatangaza kwamba ingetoka hapo ifikapo 15 Januari 2026. Aliyekuwa ameweka hesabu zake humo alitakiwa aunganishe namba yake na akaunti ya ChatGPT kabla ya siku hiyo ili mazungumzo yake yasipotee. Ni watu wangapi wa sokoni walisoma tangazo hilo?

Haya, na ya makampuni? Kwanza tuseme ukweli kwamba haikukatwa kwa kipimo chetu. Microsoft ilipoanza kuuza Copilot kwa makampuni Novemba 2023, bei ilikuwa dola 30 kwa kila mtu kwa mwezi, na kampuni ilitakiwa kununua kwa watu wasiopungua 300. Sharti hilo la idadi liliondolewa Januari 2024. Mwezi huohuo OpenAI nao wakaleta toleo la vikundi vidogo, kuanzia watu 2, kwa dola 25 kwa kila mtu kwa mwezi kwa anayelipia mwaka mzima, au 30 kwa anayelipa mwezi kwa mwezi. Tangu Agosti 2025 toleo hilo linaitwa ChatGPT Business. Kumbe kati ya mfuko wa mtu mmoja na jengo la ghorofa kumi kuna duka la kawaida, na hilo ndilo vikundi vyetu havijaambiwa.

Kinachonunuliwa kwa dola hizo si akili zaidi. Akili ni ileile au karibu yake. Kinachonunuliwa ni mamlaka: akaunti inakuwa ya kikundi, katibu anaingizwa na anaweza kuondolewa, naye akiondoka daftari linabaki mezani. Kisha kuna suala la maneno yenu kutumiwa kuifundisha mashine. Kwenye ChatGPT ya mtu binafsi mazungumzo huweza kutumiwa hivyo mpaka mwenyewe aingie kwenye mipangilio na kuzima. Kwenye toleo la biashara, kampuni inaeleza kwamba tangu mwanzo hayatumiwi. Samsung walilijua hili kwa njia ngumu. Mwaka 2023 wafanyakazi wao walibandika siri za kiufundi za kampuni kwenye ChatGPT ya kawaida wakitafuta msaada wa haraka, na Mei mwaka huo kampuni ikapiga marufuku matumizi hayo. Ikiwa wahandisi wa Korea walijisahau, katibu wa kikundi cha mawese tusimlaumu.

Hata hivyo, asitokee muuzaji wa kuwaambia kwamba ya kampuni haiingiliki. Mwezi Juni 2025 watafiti walieleza udhaifu waliouita EchoLeak ndani ya Copilot ya Microsoft, iliyo ya makampuni hasa. Barua pepe moja yenye maagizo yaliyofichwa ingeweza kumfanya msaidizi atoe nje siri za kampuni bila mtu yeyote kubofya chochote. Microsoft walikuwa wameshaziba tundu hilo wakati habari zinatolewa. Mimi nachukua hapo jambo moja: wakala, awe wa nani, huweza kutii sauti ya mgeni iliyojificha ndani ya karatasi aliyopewa asome.

Na akiahidi, ahadi ni yenu. Nchini Kanada, abiria mmoja wa Air Canada aliambiwa na msaidizi wa kompyuta wa shirika hilo kwamba angeweza kudai nafuu ya nauli ya msiba baada ya kusafiri. Haikuwa kweli. Shirika likajitetea kana kwamba msaidizi yule ni mtu mwingine anayejibeba mwenyewe. Baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia likakataa utetezi huo mwezi Februari 2024 na kuamuru abiria alipwe, jumla zaidi ya dola 800 za Kanada. Basi fikiria wakala wako amemwambia mteja wa Kigoma kwamba dumu la mawese ni bei ya wiki iliyopita. Utambishia mteja au utashusha mzigo?

Aidha, upande wa pili wa mpaka kuna sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Rwanda, Kenya na Uganda nazo wana za kwao. Orodha ya wadaiwa yenye majina na namba za simu ni taarifa za watu, si karatasi ya kufungia maandazi.

Ushauri niliompa mwenyekiti ulikuwa huu. Anayeuza ndizi zake peke yake, kwa fedha zake, abaki na msaidizi wa simu yake, azime ule mpangilio wa kuifundisha mashine, na aandike madeni kwenye daftari la karatasi pia. Lakini pale panapokuwa na fedha ya wengi, akaunti iwe ya wengi, hata kama ni ya watu 2 tu, mwenyekiti na katibu. Wakala asome na aandike rasimu, lakini kutuma kubaki kwa binadamu. Lumicash ya kikundi asiikaribie kabisa, wala namba yake ya siri asiandikiwe hata kwa mzaha.

Wamekubali, ila wamekwama kwenye kulipa. Hawana kadi ya benki ya kulipia dola nje ya nchi. Shemeji wa mmoja wao aliyeko Kigoma amejitolea kulipa kwa kadi yake, nao wamrudishie kwa chumvi. Mweka hazina amekataa kusaini mpaka kwanza ifunguliwe barua pepe ya kikundi, neno lake la siri liwekwe kwenye bahasha ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na shemeji aelewe kwamba analipa tu. Shemeji amenuna kidogo. Kikao kingine ni Jumamosi.