Tumtunze Anayemtunza Mgonjwa Wetu

Mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumzia wagonjwa. Leo tumzungumzie mtu anayekaa kando ya kitanda chao: binti au mama tuliyemwajiri amhudumie mzazi wetu asiyejiweza.

Tuchukue mfano ambao wengi wetu tunaufahamu. Babu amepata kiharusi, upande mmoja wa mwili hausogei. Watoto wake wako kazini, wengine wanaishi mbali. Analetwa binti kutoka kijijini "amwangalie babu". Asubuhi anamsafisha, anamlisha uji, anambeba hadi kitini, anafua mashuka. Kisha anapika chakula cha nyumba nzima. Usiku analala kwenye mkeka chumbani kwa babu. Akisema mgongo unamwuma, anajibiwa kwamba yeye bado kijana. Baada ya miezi michache babu anatoka kidonda juu ya makalio, na lawama zote zinamwangukia binti.

Je, kosa ni lake? Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, la sivyo damu haifiki vizuri kwenye ngozi anayoilalia na ngozi hiyo huanza kufa. Hebu tuhesabu. Binti akimgeuza babu saa 4 usiku, anatakiwa aamke saa 6, saa 8 na saa 10, na saa 12 asubuhi kazi za mchana zinaanza. Mtu akiishi hivyo kila siku, bila wa kumpokea, usiku mmoja usingizi utamshinda. Kwa hiyo kidonda cha babu kimetokana na uchovu wa binti, na uchovu huo tumeusababisha sisi wenye nyumba.

Madhara yanayompata mhudumu

Mgongo ndio huumia kwanza. Kumwinua mtu mzima kutoka kwenye kitanda kifupi, huku umeinama, huumiza misuli na viungo vya uti wa mgongo. Madhara hayo yanaweza kudumu hata baada ya kazi kwisha.

Pili ni maambukizo. Damu, usaha na choo cha mgonjwa vinaweza kubeba vijidudu vya magonjwa, pamoja na homa ya ini. Mgonjwa mwenye kifua kikuu ambaye hajaanza dawa anaweza kumwambukiza anayelala naye chumba kimoja kisicho na hewa.

Tatu ni moyo kuchoka. Mhudumu hatoki, hana wa kuzungumza naye, na wakati mwingine hutukanwa na mgonjwa ambaye akili yake imevurugwa na ugonjwa. Tukimwona amekuwa mkali au mkimya, hali chakula, analia bila sababu, tusiseme ana kiburi. Anahitaji kupumzika na kusikilizwa. Hali hiyo ikiendelea, apelekwe kituo cha afya.

Jinsi ya kumwinua na kumgeuza mgonjwa

1. Kitanda kikiwa kifupi, kiinuliwe kwa matofali imara, sawa kwa miguu yote minne, mpaka godoro lifike karibu na kiuno cha mhudumu. Hakikisheni hakitikisiki wala mgonjwa hawezi kuanguka.

2. Tandikeni shuka lililokunjwa, kuanzia mabegani hadi mapajani mwa mgonjwa. Watu wawili washike shuka hilo kila upande na kumsogeza kwa pamoja. Mgonjwa mzito asiinuliwe na mtu mmoja.

3. Mhudumu atanue miguu, akunje magoti, na amsogeze mgonjwa karibu na mwili wake. Asipinde kiuno huku amebeba.

4. Mgonjwa asining'inie shingoni mwa mhudumu. Na mgonjwa wa kiharusi asivutwe kwa mkono uliopooza, kwani bega lake huteguka kwa urahisi.

Kwa kujikinga, mhudumu apewe glavu. Zikikosekana, mifuko safi ya plastiki isiyotoboka, iliyofungwa kwenye vifundo vya mikono, husaidia wakati wa kusafisha choo au damu. Baada ya hapo anawe kwa sabuni na maji. Madirisha yafunguliwe. Akikohoa kwa wiki 2 au zaidi, akapimwe kifua kikuu. Aulize pia kituoni juu ya chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo kwa kawaida huwa na sindano 3 katika muda wa miezi 6.

Sheria ya nchi inasemaje?

Wengine hudhani kazi ya nyumbani ni msaada tu. Sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamhusu pia mfanyakazi wa nyumbani. Saa za kawaida za kazi ni 9 kwa siku, zisizidi 45 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Kila wiki anastahili mapumziko ya saa 24 mfululizo, na kila mwaka likizo ya siku 28 yenye malipo. Mtoto chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa. Shirika la Kazi Duniani nalo, mwezi Juni 2011, lilipitisha Mkataba namba 189 juu ya kazi zenye staha kwa wafanyakazi wa nyumbani.

Kuna jambo jingine linalotutia aibu. Mgonjwa akifariki, matanga yakiisha, mhudumu huambiwa afungashe mizigo yake kesho yake. Yeye aliyemfumba macho marehemu anaondoka na nauli tu. Kwa mfanyakazi wa mwezi aliyekwisha kupita mwezi wa kwanza, sheria inataka notisi ya siku 28 au malipo yake, pamoja na mshahara na likizo anayodai. Tena naye ana msiba. Apewe pole kama wengine.

Familia ifanye nini?

Kaeni kikao kabla ya kumleta mhudumu. Andikeni kazi zake, mshahara na siku ya mapumziko. Pangeni zamu za usiku: kila mtoto wa mgonjwa aliye karibu achukue walau siku moja kwa wiki. Anayehudumia mgonjwa asipewe pia mapishi na kufulia nyumba nzima. Walio mbali wachangie fedha.

Leo jioni, kabla ya kumwuliza mhudumu habari za mgonjwa, tumwulize kwanza: "Wewe mwenyewe jana ulilala saa ngapi?"