Kwa Treni Kwenye Nyumba za Watawa za Urusi

Ukifika stesheni ya Yaroslavsky mjini Moscow Jumapili asubuhi, utawatambua upesi akina mama wanaokwenda kusali. Hawana mizigo mingi. Kila mmoja ana mkoba, na ndani yake mna kitambaa cha kichwa kilichokunjwa vizuri, chupa tupu ya kuchotea maji ya baraka, na karatasi mbili zilizoandikwa majina kwa mkono. Karatasi moja ni ya walio hai, nyingine ya marehemu. Wakifika watazikabidhi ili majina hayo yasomwe katika ibada. Wengi wa akina mama hawa ni bibi wa makamo na wazee, lakini siku hizi wapo pia wanawake vijana walioshika mikono ya watoto wao.

Treni wanayopanda ni ile ya umeme ya kila siku, wanayopanda pia wafanyakazi na wanafunzi. Viti ni vya kukaa wengi pamoja, na kila baada ya dakika chache inasimama. Reli hii ilifika katika mji wa Sergiyev Posad mwaka 1862. Kabla ya hapo mahujaji waliutembea mwendo huo wa kilomita 70 kwa miguu. Hata malkia Elizabeth wa Urusi, aliyeanza kutawala mwaka 1741, aliutembea, ingawa inasimuliwa kwamba alipochoka alirudishwa kwa gari la farasi akapumzike, kisha akapelekwa tena pale pale alipoishia! Tusimcheke. Angalau hakudanganya hatua zake.

Wazazi kwanza

Wasafiri wengi wa nchi za nje hupitiliza hadi Sergiyev Posad. Akina mama wa Kirusi wanaojua mapokeo hushuka kabla ya hapo, katika stesheni inayoitwa Khotkovo, ambako kuna nyumba ya masista. Hapo wamezikwa mume na mke, Kirill na Maria. Hawa ndio wazazi wa Mtakatifu Sergius wa Radonezh, mtawa anayependwa kuliko wote katika nchi ile, na mapokeo husema kwamba yeye mwenyewe aliagiza watu wawaombee wazazi wake kwanza ndipo waende kwake.

Kisa cha mama huyu Maria na mwanawe kinafaa kusikiwa na kila mzazi mwenye mtoto mzito wa kusoma. Sergius alipokuwa mdogo aliitwa Bartholomew. Ndugu zake walisoma bila shida, lakini yeye herufi zilimshinda kabisa. Mwalimu alimwadhibu, wenzake walimcheka, na wazazi wakamkaripia. Siku moja baba yake alimtuma kutafuta farasi, akamkuta mtawa mzee akisali chini ya mti. Mzee akamwuliza anataka nini. Mtoto hakuomba pipi wala mchezo. Aliomba kujua kusoma. Mzee akamwombea, kisha mtoto akamkaribisha nyumbani kwao, na hapo hapo akasoma zaburi mbele ya wazazi wake. Mchoraji Mikhail Nesterov aliichora picha ya kukutana kwao, akaimaliza mwaka 1890, na nakala zake zimetundikwa katika nyumba nyingi za Urusi. Mtoto ni mwembamba, macho makubwa, mikono imeshikamana. Ukiitazama unajua kwamba mtoto huyu amelia sana kabla ya siku ile.

Alipokua alitaka kwenda msituni kuishi peke yake na Mungu. Wazazi wake, ambao walikuwa wamefilisika na kuzeeka, walimwomba angoje. Kaka zake wameoa na wana shughuli zao. Yeye akae awatunze mpaka awazike. Akakaa. Mwishoni wazazi waliingia utawa pale Khotkovo wakafa wote wawili, naye akawazika, ndipo akaenda msituni. Kwa hesabu ya mapokeo hiyo ilikuwa mwaka 1337. Kijumba alichojenga kwa magogo ndicho kilichokuwa monasteri kubwa ya Utatu Mtakatifu, yenye kuta nene zilizowazuia maadui kwa miezi 16 tangu mwaka 1608.

Ndani ya kuta hizo kuna makanisa mengi, lakini mahujaji hukimbilia lile dogo la mawe meupe lililojengwa miaka ya 1420 juu ya kaburi la Sergius. Hakuna mabenchi. Watu husimama, na ibada huchukua saa nyingi. Mwanga ni wa mishumaa, na nyimbo haziishi. Mimi niliyelelewa katika kanisa lenye kuta nyeupe tupu nakiri kwamba picha takatifu, wanazoziita ikoni, hunipa taabu kidogo. Hata hivyo ipo moja ambayo lazima niitaje. Ni ya mtawa Andrei Rublev, na aliichora kwa ajili ya kanisa hili hili: wageni watatu waliomtembelea Abrahamu, wameketi mezani. Ilikaa miaka mingi katika jumba la picha la Tretyakov mjini Moscow, na mwaka 2023 serikali ikaamua kuirudisha kwa Kanisa. Ni picha tulivu mno. Lakini nilipoichunguza nikajiuliza, Sara yuko wapi? Wachoraji wengine wa zamani walimweka, akiwa na chakula mkononi. Rublev amemwacha nje pamoja na mumewe. Wanaojua mambo ya ikoni wataeleza sababu nzuri, nami sibishi, ila mkate ule aliukanda Sara.

Miaka ya kengele kunyamaza

Msafiri asidhani kwamba mambo haya yamekuwapo hivi siku zote. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 Wakomunisti walizifunga nyumba za watawa moja baada ya nyingine. Ile ya Sergius ilifungwa mwaka 1920, na hata mji ukabadilishwa jina ukaitwa Zagorsk tangu mwaka 1930 hadi 1991. Kengele za shaba zilishushwa minarani na kuyeyushwa. Mjini Moscow kwenyewe, monasteri ya Danilov iligeuzwa kituo cha kuwapokea watoto ambao wazazi wao walikamatwa na serikali. Watoto waliletwa pale usiku, wakapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole kama wahalifu, kisha wakatawanywa katika makao ya yatima mbalimbali. Wapo waliofia pale pale. Kengele za monasteri hiyo, 18 kwa jumla, ziliponea kwa Mmarekani aliyezinunua mwaka 1930 zikapelekwa Chuo Kikuu cha Harvard. Zilirudi Moscow mwaka 2008.

Nani aliyeitunza imani katika miaka ile? Wanaume wenye kazi waliogopa kuzipoteza. Mapadre wengi walikuwa wamefungwa au kuuawa. Waliobaki ni bibi. Bibi alimpeleka mjukuu kubatizwa kwa siri wakati wazazi wako kazini, akamfundisha Baba Yetu jikoni, akaficha ikoni nyuma ya pazia. Watawala waliwadharau wakisema kwamba vikongwe hawa wakishakufa, dini nayo itakwisha. Walisahau jambo moja dogo: kila mwaka wanawake wengine wanazeeka.

Kuelekea mto Volga

Mbele ya Sergiyev Posad safari inakuwa ndefu, na ni heri kupanda treni yenye vitanda. Behewa la bei nafuu lina vitanda 54 na halina milango ya vyumba, hivyo unalala mbele ya macho ya watu wote, na wote wanalala mbele yako. Mhudumu, ambaye mara nyingi ni mwanamke, hutoa mashuka, na mwisho wa behewa kuna pipa la maji yanayochemka saa zote. Chai huletwa katika bilauri iliyowekwa ndani ya kishikio cha chuma. Mara treni inapoondoka vyakula hufunguliwa: mayai ya kuchemsha, kuku, matango, mkate mweusi. Ukila peke yako bila kumkaribisha jirani utaonekana hukulelewa, jambo ambalo msomaji wangu hahitaji kufundishwa.

Rostov iko kando ya ziwa Nero. Inatosha kusema habari ya kengele yake kubwa, yenye tani 32, iliyofuliwa mwaka 1688. Askofu mkuu Jonah aliipa jina la Sysoy, ndilo jina la baba yake, aliyekuwa padre wa kijijini.

Yaroslavl tukae kidogo. Kuna kanisa la nabii Eliya ambalo ndugu wawili wafanyabiashara, wa ukoo wa Skripin, walilijenga likaisha mwaka 1650. Michoro ya ukutani ilikuja miaka 30 baadaye, na aliyegharamia ni mjane wa mmoja wao, Ulita Makarovna. Kati ya michoro hiyo mna habari za Elisha na mwanamke Mshunami, yule aliyepewa mtoto, mtoto akaumwa kichwa shambani, akafia magotini mwa mama yake, na mama hakulia bali alipanda punda kwenda kumtafuta mtu wa Mungu. Wachoraji wamewachora wavunaji kama wakulima wa Kirusi, na mashati ya rangi, mundu mkononi, ngano imesimama kama ukuta wa dhahabu. Katikati ya uzuri wote huo mtoto anaumwa. Mjane huyo alisimama hapo kusali akiwa ameizungukwa na picha hizo.

Kabla ya kuingia Kostroma treni huvuka mto Volga. Katika mji huu, mahali mto mdogo unapoingia katika ule mkubwa, ipo monasteri ya Ipatiev, na kisa chake ni cha mama aliyeombwa amtoe mwanawe.

Aliitwa Xenia. Alizaa watoto sita, wanne wakafa wachanga. Mwaka 1601 mfalme Boris Godunov, akiuogopa ukoo wa mumewe, aliwatenganisha: mume akafanywa mtawa kwa nguvu, mke naye akavishwa utawa kwa nguvu akaitwa Marfa na kupelekwa kaskazini kwenye baridi kali, na mwana wao Mikhail, mtoto wa miaka mitano hivi, akapelekwa kwingine. Wakulima wa huko walimpenyezea mama habari kwa siri. Alikuja kumpata tena mwanawe baada ya miaka kadhaa. Mume baadaye alishikwa mateka Poland.

Machi 1613 mama na kijana wako ndani ya kuta za Ipatiev. Ukaja ujumbe mkubwa kutoka Moscow, wenye misalaba na ikoni, kusema kwamba Mikhail amechaguliwa kuwa mfalme. Ana miaka 16. Wengine wangepiga vigelegele. Marfa alikataa kwa hasira na machozi. Alisema mtoto bado mdogo, na watu wa Moscow wamewaapia wafalme wengi na kuwasaliti wote. Na baba yake yuko mikononi mwa adui. Wakambembeleza kwa saa nyingi. Alikubali tu walipomwambia kwamba damu ya nchi Mungu ataidai kwake. Akambariki mwanawe kwa ikoni ya Mama wa Mungu, akamtoa.

Ukoo huo wa Romanov ulitawala miaka 304. Mfalme wake wa mwisho, mkewe na watoto wao watano waliuawa Julai 1918 mjini Yekaterinburg, katika nyumba ya mhandisi mmoja. Jina la mhandisi huyo lilikuwa Ipatiev.

Kostroma ni mji wa askari pia. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, askari wa miavuli wa mji huu walikuwa miongoni mwa waliotangulia, na wengi walirudishwa katika majeneza. Mama zao hawakujiwa na ujumbe wenye misalaba wa kuwabembeleza. Na ng'ambo ya mpaka wapo mama wa Ukraine, ambao hawakuomba lolote kati ya haya.

Mke aliyerudishwa

Suzdal haina reli. Unakwenda kwa treni mpaka Vladimir, muda usiofika saa mbili toka Moscow kwa treni ya haraka, kisha unapanda basi kama kilomita 30. Labda ndiyo sababu mji umebaki mdogo, una bustani za matango na minara ya makanisa kila unakogeuka.

Katika nyumba ya masista ya Pokrovsky alizikwa Solomonia Saburova. Alichaguliwa kati ya mamia ya wasichana kuwa mke wa mtawala Vasily wa Tatu mwaka 1505. Walikaa miaka 20 bila mtoto. Alihiji, akawatafuta waganga, akalia. Mwaka 1525 mumewe alimwacha akaamuru awe sista. Balozi mgeni, Herberstein, aliandika kwamba Solomonia alilitupa vazi la utawa akalikanyaga, na ofisa mmoja akamchapa kwa mjeledi. Baada ya miezi miwili mume alioa msichana, Elena Glinskaya. Inafaa kukumbuka kwamba naye huyo alikaa zaidi ya miaka minne kabla ya kumzaa Ivan, ambaye dunia imemwita Ivan wa Kutisha.

Solomonia, kwa jina la Sofia, alishona, akachimba kisima, akasali. Aliishi mpaka mwaka 1542, akawa amemzika mumewe na Elena pia. Leo Kanisa lao linamheshimu kama mtakatifu, na wanawake wasio na watoto huja kaburini pake toka mbali.

Zamani ulienea uvumi kwamba aliingia utawani akiwa na mimba, akajifungua mtoto wa kiume, akamficha, akatangaza kwamba amekufa. Mwaka 1934 kaburi dogo lililokuwa kando ya lake lilifunguliwa. Hawakukuta mifupa. Walikuta matambara yaliyokunjwa na kuvalishwa shati la mtoto lililotariziwa lulu. Shati hilo limetunzwa katika makumbusho ya Suzdal.