Hesabu ya Watoto Waliochanjwa

Kila mtu na ashike kalamu yake. Leo tutafanya hesabu inayolinda watoto wetu.

Katika Tanzania mtoto huchanjwa surua mara mbili: akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Kila mara muuguzi huandika mahali pawili. Huandika katika kadi ya mtoto, ambayo mama huenda nayo nyumbani. Huandika pia katika daftari la zahanati.

Surua huambukiza upesi sana. Ili tuizuie isienee, yatakiwa watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa mara mbili. Tutajuaje kama tumefika hapo?

Tuchukue mfano. Kijiji kina watoto 200 wenye miaka miwili. Daftari laonyesha majina 190 ya waliopata chanjo ya pili. Gawanyeni 190 kwa 200, kisha zidisheni kwa 100. Jibu ni 95. Mtu atasema, “Tumefika!”

Ngojeni kwanza. Tukisoma daftari vizuri twaona kuwa watoto 20 walitoka kijiji cha jirani. Hao hawamo katika wale 200. Tena majina 10 yameandikwa mara mbili: mtoto aliandikwa kwa jina la ukoo, halafu kwa jina la nyumbani. Toeni 30 katika 190. Yabaki 160. Sasa jibu ni 80, si 95. Watoto 40 hawaonekani katika daftari, na surua ikiingia itawatafuta hao.

Hata ile 200 ichunguzwe. Ikiwa ni hesabu ya zamani, watu wamehama na wengine wamezaliwa. Ndiyo maana mara nyingine jibu huwa 110 katika 100. Jambo hilo haliwezekani. Namba moja ina kosa.

Basi tufanyeje? Kijiji kiandike kila mtoto anayezaliwa, anayehamia na anayehama. Orodha hiyo ilinganishwe na daftari. Asiyeonekana afuatwe nyumbani, kadi yake itazamwe. Huenda alichanjwa kwingine. Kama hakuchanjwa, apelekwe zahanati. Nanyi wazazi, nendeni na kadi kila safari, mkataje jina lile lile.

Swali la nyumbani: Kijiji kina watoto 50. Waliochanjwa mara mbili ni 46. Je, wamefika 95 katika 100?

Kwaherini.