Kutuma Kimakosa na Kuuziwa Vibaya: Jua Haki Yako Unaponunua Mtandaoni

Umeona viatu kwenye Facebook, mkaelewana bei, ukalipa shilingi 2,500 kwa simu. Mzigo unafika, kumbe viatu vimeshavaliwa, na tangazo lilisema ni vipya. Wateja wengi hapo hutupigia simu: "Nirudishieni pesa zangu!"

Tunaelewa uchungu huo. Lakini kutuma kimakosa na kuuziwa vibaya ni mambo mawili tofauti. Ukikosea nambari, omba kurejeshewa pesa mara moja. Ukimlipa muuzaji uliyemkusudia, hatuwezi kutoa pesa kwa akaunti yake kwa neno lako pekee, vile tu hatungekubali mtu atoe zako.

Basi umeliwa? La. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 nayo inakataza muuzaji kudai bidhaa ni mpya ilhali imetumika. Pia inataja makubaliano ya intaneti waziwazi: muuzaji akueleze mambo muhimu mapema, akupe nafasi ya kukubali au kukataa, kisha akupe nakala ya maandishi.

Hata sisi watoa huduma tunabanwa. Mwaka wa 2016, Mamlaka ya Ushindani iliagiza ada za huduma za pesa kwa simu zionyeshwe kwenye skrini kabla mteja hajakamilisha muamala.

Lakini haki bila ushahidi ni ngumu kuidai. Kwa hivyo, kabla ya kulipa:

- Piga skrinishoti za tangazo, bei na mazungumzo yenu. Matangazo hufutwa haraka.
- Soma jina linalotokea kwenye skrini. Likitofautiana na la duka, uliza kwanza.
- Usifute ujumbe wa malipo.
- Ukiweza, lipa baada ya kuukagua mzigo.

Mambo yakiharibika, mwandikie muuzaji ukidai pesa zako. Akikataa, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani, au nenda Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na si lazima uwe na wakili.

Na mtu akikupigia akisema atakurudishia pesa ukimpa PIN yako, kata simu. Huyo anataka kukuibia mara ya pili.